Wakumbukeni na Yao Yote

Wanangu, mwaka 2024 ulituliza mapema. Tarehe 10 Februari alifariki Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani wa Tanzania. Kesho yake usiku Kelvin Kiptum, kijana wa miaka 24 aliyeshika rekodi ya dunia ya marathoni, akafa kwa ajali ya gari karibu na Kaptagat. Mwezi haujaisha, tarehe 29, Mzee Ali Hassan Mwinyi, rais wetu wa zamani, naye akaitika, akiwa na miaka 98. Bendera zikashuka nusu mlingoti, zikapanda, zikashuka tena. Nanyi mkabadilisha picha kwenye simu zenu, mkaandika mtu apumzike kwa amani, mkaweka kijimshumaa, mkaendelea na shughuli zenu.

Siwalaumu kwa hilo. Pole ni pole, hata ikiwa fupi. Lakini nina neno ambalo nimelisema misibani miaka mingi, na kusema kweli nimechoka kulisema, kwa kuwa watu hutikisa vichwa kisha wanarudi kule kule. Nitalisema tena kwa taratibu. Mtu aliyebeba mambo ya umma akifa, mkumbukeni na yake yote. Aliyoyajenga na aliyoyaharibu, aliyoyakusudia yakatimia na yaliyomponyoka. Maana yeye keshaondoka, ila kazi yake haikuondoka naye. Iko mikononi mwenu, mnaila, mnaivaa, mnasoma ndani yake, mnalipia madeni yake.

Najua mtanijibu kwamba marehemu hasemwi. Nimelelewa humo humo na siikatai adabu hiyo. Ndani ya nyumba ya msiba, mbele ya mjane na mayatima, ulimi ukae kimya, na ukifunguka ufunguke kwa dua. Dhambi za mtu baina yake na Mola wake si zetu kuzichambua. Lakini mkataba wa umeme si siri ya nyumbani. Sera ya elimu si aibu ya ndoa ya mtu. Hayo ni ya wote, na adabu ya msiba haikuwekwa ili yafichwe. Anayepokea uongozi uliopita kwa sifa tupu ni sawa na anayerithi nyumba akaishi ndani yake bila kupanda darini kutazama paa linavuja wapi. Mvua ya kwanza itamwonyesha.

Basi tuanze na Mzee Mwinyi, maana kwake ndiko kwenye mengi.

Alizaliwa Kivure, mkoa wa Pwani, tarehe 8 Mei 1925, akapelekwa Unguja akiwa mtoto, akakulia Mangapwani, na huko huko ndiko alikozikwa tarehe 2 Machi 2024. Alikuwa mwalimu kabla hajawa kitu kingine chochote. Vijana wengi mliomlilia mlimjua kama babu mnyoofu, mwenye sauti laini na Kiswahili kitamu, anayetembea taratibu kwenye hadhara. Wengine mnajua jina la Mzee Rukhsa basi. Nataka mjue kilichokuwa nyuma ya jina hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini watu walipanga foleni ya sabuni, ya sukari, ya unga wa njano, ya kipande cha kitambaa. Mtu alikutwa na katoni mbili za dawa ya meno akaitwa mhujumu uchumi. Milango ilianza kufunguliwa kidogo mwaka 1984, Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu, lakini Mwinyi alipoapishwa Novemba 1985 ndipo ilipofunguliwa hasa. Mwaka 1986 akatiliana saini na Shirika la Fedha la Kimataifa, jambo ambalo Mwalimu alikuwa amelipinga kwa nguvu zake zote. Bidhaa zikarudi madukani. Mitumba ikajaa masokoni, na watu waliokuwa na shati moja la Ijumaa au la Jumapili wakapata mawili. Waliopitia ile dhiki hawakuhitaji hotuba ya kuwaeleza maana ya rukhsa; waliiona kwenye migongo ya watoto wao.

Hayo yasimulieni. Ila endeleeni. Shilingi iliporomoka vibaya, na mshahara wa mwalimu, wa muuguzi, wa karani ukawa hautoshi hata wiki mbili. Kuanzia mwaka 1993 mgonjwa akatakiwa kuchangia gharama hospitalini, naye aliyekuwa hana akabaki nyumbani na homa yake. Mwaka 1991 chama tawala kilikaa Zanzibar kikalilegeza Azimio la Arusha, kiongozi akaruhusiwa mambo ambayo tangu mwaka 1967 alikuwa amekatazwa, mishahara miwili, hisa, nyumba za kupangisha. Mwaka 1994 nchi wafadhili zikasitisha misaada, zikilalamika kwamba kodi haikusanywi na misamaha imetolewa ovyo. Mlango uliomwingiza mwenye duka la sabuni ulimwingiza pia mwenye njaa ya mali ya umma. Mkisema mema ya mlango na mkanyamaza juu ya waliopita humo, watoto wenu hawatajua rushwa wanayoilalamikia leo ilipata wapi nafasi ya kunyoosha miguu.

Tena angalieni jambo hili. Mwalimu Nyerere hakungoja Mwinyi afe ndipo aseme. Alimkosoa yeye na serikali yake wakiwa hai na madarakani, na kitabu chake cha Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania kikachapishwa mwaka 1994, wakati wahusika wote wanaweza kukisoma na kujibu. Mwinyi aliyameza. Walibaki wanaheshimiana. Hivyo ndivyo watu wazima walivyofanyiana, nami natamani mngeiga hilo kabla hamjaiga mshumaa.

Kuna tukio moja la maisha yake ambalo lingetosha kufundishwa darasani mwaka mzima. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji wa vikongwe walioitwa wachawi, watu walikamatwa Shinyanga na Mwanza, wakateswa na maofisa wa dola, na baadhi yao wakafia mahabusu. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumpiga mtu, hakuagiza mtu apigwe, na hakuna aliyedai kwamba alijua. Januari 1977 akajiuzulu. Aliona kwamba waliofanya vile wako chini ya wizara yake, na wizara ina mwenyewe. Akapelekwa ubalozini Misri, akakaa huko miaka, na yeyote angefikiri kwamba habari zake zimeishia hapo. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka uliofuata Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Sasa niambieni, kati ya yote yaliyosemwa kwenye simu zenu ile wiki ya mwisho wa Februari, hilo lilitajwa mara ngapi, na lilitajwa vipi? Walitaja kujiuzulu kama pambo la wasifu, mstari mmoja kati ya mistari. Hakuna aliyesema majina ya waliofia mahabusu. Hakuna aliyeuliza ni mawaziri wangapi tangu siku ile wamepata mahabusu aliyefia kituoni, nao wakakalia viti vyao wakisema uchunguzi unaendelea. Ukimsifu mtu kwa kuwajibika, halafu hudai kuwajibika kwa aliye hai, sifa zako zina kazi gani?

Wala msimfanye malaika. Mwaka 2017 yeye aliyeondoka kwa utaratibu baada ya vipindi viwili, rais wetu wa kwanza kumaliza kwa ukomo uliowekwa na Katiba, alisimama hadharani akasema kwamba isingekuwa Katiba angeshauri Rais Magufuli aongoze siku zote. Liliniuma. Lakini nalo ni lake, liwekeni mahali pake. Na wekeni karibu nalo jambo la Machi 2009, pale Diamond Jubilee kwenye Maulid, kijana alipopanda jukwaani akamzaba kibao mbele ya umati kwa sababu ya maneno yake kuhusu kujikinga na ukimwi. Mzee wa miaka zaidi ya themanini. Alijikusanya, akaendelea na hotuba.

Lowassa alifuata njia nyingine, na nina sababu ya kuwaweka pamoja. Mwezi mmoja ulituzikia viongozi wawili waliopata kujiuzulu. Huyu aliacha uwaziri mkuu tarehe 7 Februari 2008, bungeni Dodoma, baada ya kamati teule iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe kutoa ripoti juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Mwinyi aliondoka bila kujitetea. Lowassa aliondoka akilalamika kwamba kamati haikumhoji, kwamba amenyimwa haki ya kusikilizwa, na kwamba kilichotakiwa ni cheo chake. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na hilo ni haki yake lisemwe. Vilevile ni haki ya mlipa kodi isemwe kwamba nchi ilikuwa gizani, fedha zilitengwa, na mitambo haikuja kwa wakati ulioahidiwa.

Lakini nikisikia jina la Lowassa likitajwa pamoja na Richmond peke yake, nalo naliona kuwa ni usahaulifu. Alipokuwa Waziri wa Maji serikali iliamua kuchota maji ya Ziwa Victoria kuyapeleka Kahama na Shinyanga. Kulikuwa na mkataba wa mwaka 1929, Waingereza walioufunga na Misri, unaoifanya Misri iwe na sauti juu ya maji ya mto Nile hata huku yanakotoka. Tanzania ilikataa kufungwa na karatasi ya mkoloni. Mradi ulipozinduliwa mwaka 2009 yeye alikuwa kwenye kiti cha nyuma bungeni. Kuna mama Shinyanga anayefungua bomba asubuhi bila kujua kwamba kulikuwa na ubishi wa mataifa juu ya ndoo yake. Huyo anastahili kusimuliwa.

Na shule za kata. Alipokuwa waziri mkuu alizunguka akiwahimiza wakuu wa mikoa na wilaya mpaka wakachoka naye, kila kata iwe na sekondari. Ndani ya miaka michache idadi ya sekondari nchini ikazidi mara dufu. Mabinti ambao wangeolewa baada ya darasa la saba wakaingia kidato cha kwanza. Wengi wenu mnaonisoma mmetoka humo. Mmetoka pia kwenye upungufu wake, maana majengo yalitangulia na walimu hawakufuata, maabara ikawa chumba chenye jina mlangoni na ndani hamna kitu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, kabla hayajapangwa upya, yalionyesha asilimia 60 ya watahiniwa wamepata sifuri. Lawama hiyo si ya mtu mmoja, kwani alikwisha kuondoka miaka minne kabla. Lakini ukilisifu wazo la mtu, tazama na lilivyokwenda lilipokosa wa kulisimamia.

Kilichonichosha zaidi katika msiba wa Lowassa ni vinywa. Mwaka 2007 pale Mwembeyanga, Temeke, wapinzani walisoma orodha ya wanaowaita mafisadi, na jina lake likawamo. Mwaka 2015 alipokatwa jina kwenye chama chake, wapinzani wale wale wakampokea, wakamwinua mkono, na akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais. Wa chama tawala, waliokuwa wakimtetea, wakamgeuza fisadi usiku mmoja. Machi 2019 akarudi kwao, akawa mzee wetu mpendwa. Alipofariki pande zote mbili zilimsifu, na hakuna aliyeona haja ya kueleza yale maneno ya zamani aliyatoa wapi na ameyapeleka wapi. Ama alionewa, basi semeni mlimwonea, muombe radhi kaburini kwake Monduli. Ama mlisema kweli, basi msiifute kweli kwa maua. Wanasiasa wana yao. Nyinyi mlioshangilia kote kote ndio ninaosema nanyi. Msipojua mlisimama wapi jana, mtu mwingine atawasimamisha popote kesho.

Nimesema sana juu ya hao wawili, nisiwapite wengine.

Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi ya Kenya, alikufa tarehe 18 Aprili helikopta ilipoanguka Marakwet Mashariki. Watu kumi walikufa, wawili wakaokoka. Ogolla alikuwa amekwenda eneo lililosumbuliwa na majambazi wa mifugo, kutazama askari wake na shule zilizokuwa zikikarabatiwa ili watoto warudi darasani. Kufa kwake kazini peke yake kunatosha kukumbukwa. Ila mimi nilishikwa na maziko yake. Familia ilisema ameusia azikwe ndani ya saa 72, tena bila jeneza. Siku ya tatu, tarehe 21, akawekwa ardhini kwao Alego, Siaya, kama alivyousia. Mtu wa nyota nne! Kwa Wajaluo, ambako msiba wa mkubwa huweza kuchukua wiki kadhaa na kuacha ukoo na madeni, yeye aliwapunguzia wote mzigo, tajiri na maskini, maana nani aliye chini yake sasa atalazimishwa kununua jeneza la bei ya gari?

Sisi Waislamu wa mwambao tusijipigie kifua kwamba hayo tunayo tangu zamani. Sanda tunayo, na maziko ya haraka tunayo. Halafu tunafungua turubai, pilau ya siku tatu, sare za kitambaa kimoja, mpiga video, na mjane anaamka siku ya nne akiwa na deni dukani. Arobaini imekuwa sherehe. Mkitaka kumkumbuka Jenerali Ogolla, kaeni na wazazi wenu wakiwa na afya, muulize kila mmoja anataka azikweje, muandike, na mtu asikasirike kwamba mnamchulia.

Dkt. Faustine Ndugulile nampitia kwa ufupi, maana kwake hakuna ubishi, kuna majonzi tu. Mbunge wa Kigamboni, daktari, tarehe 27 Agosti alichaguliwa Brazzaville kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Tarehe 27 Novemba, miezi mitatu kamili, akafariki India akitibiwa, kabla hajakikalia kiti. Alikuwa na miaka 55. Kwake hakuna la kupima, kwani kazi haikuanza. Lakini mfikirie kwamba mtu aliyekabidhiwa afya ya bara zima alikwenda kutafuta tiba nje ya bara hilo. Silisemi kwa kumlaumu. Nalisema kwa kuwa lingemuuma yeye mwenyewe kuliko mtu yeyote.

Sasa vijana wawili wa mbio. Kiptum alikimbia Chicago Oktoba 2023 kwa saa 2, sekunde 35, na hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuzimaliza hivyo katika mashindano rasmi. Siku chache kabla hajafa ndipo rekodi ile ilipoidhinishwa. Alikufa na kocha wake Gervais Hakizimana, Mnyarwanda, ambaye wengi mlimsahau ndani ya saa hiyo hiyo kwa kuwa hakuwa na rekodi. Baada ya kifo, Rais Ruto aliagiza familia ijengewe nyumba kwa siku saba. Ni jambo jema, nashukuru. Nikajiuliza tu ni wakimbiaji wangapi wa Elgeyo Marakwet wanaokimbia bila viatu leo asubuhi, ambao siku saba hizo hazijawafikia.

Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris tarehe 11 Agosti, akawa wa 44. Tarehe 1 Septemba, nyumbani kwake Trans-Nzoia, mwanamume aliyekuwa mwenzake alimmwagia petroli akamwasha moto, watoto wakiwa pale. Alikufa siku nne baadaye hospitali ya Eldoret. Alikuwa na miaka 33. Baba yake alisema walikuwa wamekwisha kulalamika polisi. Kabla yake, Oktoba 2021, Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten. Aprili 2022, Damaris Mutua, Iten hiyo hiyo. Kila mara watu walifanya matembezi ya ukumbusho, wakavaa fulana zenye picha, wakalia. Jiji la Paris likasema litaupa uwanja jina la Rebecca. Vizuri. Lakini mimi nauliza wale wanaume wa ukoo na wa mtaa waliomjua yule mtu, waliosikia kelele za ugomvi wa ardhi na fedha, waliosema hayo ni ya mke na mume. Kumbukumbu ya Rebecca iko kwenu. Kuna binti anayetishwa katika nyumba ya tatu kutoka kwenu, na mnajua ni ipi. Mkienda leo kugonga mlango ule, mmemkumbuka Rebecca. Mkishona fulana, mmemaliza kitambaa.

Na yupo mmoja ambaye bendera haikushushwa kwa ajili yake. Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya chama cha upinzani cha Chadema, mstaafu wa jeshi, mtu wa Tanga mwenye miaka 69. Jioni ya tarehe 6 Septemba alikuwa ndani ya basi anarudi kwao. Watu wenye silaha wakalisimamisha basi, wakamshusha mbele ya abiria wenzake, wakaondoka naye. Kesho yake mwili wake ulikutwa Ununio, umepigwa, uso umemwagiwa tindikali. Rais Samia alilaani na kuagiza uchunguzi.

Wanangu, mimi ni mzee na uoga wa wazee naujua. Najua kwa nini wengi mlimwandikia Mzee Mwinyi mistari mirefu na kwa Kibao mkapita haraka na kidole. Siwataki muwe mashujaa. Nataka mjue kwamba siku kumbukumbu inapochagua maiti kwa chama chake, hapo imekwisha kuwa kampeni. Yule naye alikuwa mtumishi wa nchi hii, alikuwa na familia, na aliketi kwenye kiti cha basi kama unavyoketi wewe. Mtajeni pamoja na wengine wa mwaka huo. Ulizeni uchunguzi umefika wapi, kwa adabu, kwa sauti ya kawaida, leo na mwezi ujao na mwezi unaofuata. Mwinyi alijiuzulu kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa dola. Mtu hawezi kumpenda Mwinyi akaona hili la Kibao halimhusu.

Mtasema, tutayajua vipi yote ya mtu, na sisi tulizaliwa juzi? Mzee Mwinyi aliwarahisishia. Siku alipotimiza miaka 96, Mei 2021, kitabu cha maisha yake kilizinduliwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, kwa mkono wake. Kisomeni, na msomeni kama shahidi mmoja tu, kwani kila mtu hujiandikia kwa upole. Kisha mkawasikilize na wengine. Karani wa hazina wa miaka ile bado yuko hai mahali fulani, anacheza bao jioni. Muuguzi aliyewarudisha wagonjwa wasio na pesa ya kuchangia mwaka 1993 ni bibi wa mtu. Mwalimu wa kwanza wa shule yenu ya kata, aliyefundisha masomo matano peke yake, ana mengi ya kusema juu ya Lowassa, mazuri na machungu, na hakuna aliyemwuliza.

Mna simu zinazorekodi. Mnazitumia kupiga picha majeneza na magari yaliyopondeka, jambo ambalo naomba mliache, kwani mama wa Kiptum naye ana simu. Zitumieni kwa hao. Msiende na maswali makubwa ya kuonea wazee haya. Muulize mtu mshahara wake wa kwanza ulinunua nini na ulipofika mwaka 1990 ulinunua nini. Muulize nani alimwamuru afanye jambo ambalo hakulipenda, na alifanya au alikataa. Muulize kiongozi gani alipita kijijini kwao akaahidi, na kipi kilibaki baada ya vumbi la magari. Mwache anyamaze akitaka kunyamaza. Andikeni jina lake, kijiji, na mwaka, muweke nakala mbili, moja kwa mtoto wake. Na mfanye hivyo mapema, kabla ya kiangazi kijacho, maana wengi wa hao sasa hata msikitini wanaletwa kwa kushikwa mkono.